Gari Lililoegeshwa Nalo Linakula

Karibu kila anayekuja kwetu kuomba ushauri kuhusu kununua gari huja na hesabu ileile: mafuta ya wiki akilinganisha na nauli ya wiki. Hesabu hiyo inapotosha, na inaumiza watu wa kipato cha kati kuliko wote.

Fikiria gari linalotumia saa moja kwenda kazini na saa moja kurudi. Saa 22 zilizobaki limesimama tu. Lakini bima haisimami, wala riba ya mkopo. Thamani yake inashuka kila siku, na gari jipya hupoteza zaidi mwaka wake wa kwanza. Hata ukiliacha uani miezi mitatu bila kuligusa, utakuta betri imekwisha chaji, tairi zimepungua upepo na diski za breki zimeshika kutu. Fundi atakulipisha kwa safari ambazo hukusafiri.

Kwa hiyo chukua daftari. Andika gharama za mwaka mzima: bima, ada, servisi, tairi, maegesho, faini, mafuta. Ongeza tofauti kati ya bei uliyonunulia na bei ambayo ungeuzia mwisho wa mwaka. Kwenye mkopo andika riba peke yake, maana bei ya gari umekwishaihesabu kwenye kushuka kwa thamani. Wengi huiandika mara mbili. Jumla yake igawe kwa idadi ya safari unazofanya kweli. Hiyo ndiyo nauli ya gari lako. Sasa ilinganishe na ya basi.

Basi nalo lina gharama isiyoandikwa kwenye tiketi, yaani kusubiri. Wachumi wa usafiri huihesabu dakika moja ya kusimama kituoni kama karibu dakika mbili za kukaa ndani ya chombo, kwa sababu anayesubiri hajui atasubiri mpaka lini. Basi likipita kila baada ya dakika saba, mtu hahitaji hata ratiba. Likipita kila baada ya dakika 40, simlaumu anayekwenda kukopa anunue gari.

Kuna gharama nyingine ambayo mwenye gari haioni, nayo ni nafasi ya barabara. Singapore iliamua kuiuza waziwazi: tangu 1990, anayetaka kusajili gari hushindania kibali kwenye mnada, na kibali chenyewe hudumu miaka 10. Stockholm ilijaribu mwaka 2006 kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji, na magari yaliyovuka mpaka huo yakapungua kwa karibu asilimia 20. Foleni huyeyuka kwa magari machache tu kuondoka, na wanaobaki barabarani, wenye basi na wenye gari, hufika mapema.

Wapo ambao gari kwao si anasa hata kidogo: muuguzi anayetoka zamu usiku wa manane, mzazi wa mtoto asiyeweza kutembea, fundi anayebeba vifaa vizito. Kwa hao daftari litaonyesha lenyewe.

Usipojiona katika kundi hilo, ishi mwezi mmoja bila gari, upande teksi pale tu basi linaposhindwa, na uandike kila safari ya namna hiyo. Zikiwa mbili tatu kwa mwezi, gari la kukodi linatosha. Zikiwa za kila siku, nunua, na ununue bila kujilaumu.