Sauti Haingoji Kamera: Watoto Wapya wa Harry Potter

Tangu tarehe 27 Mei 2025, kampuni ya televisheni ya HBO ilipotangaza majina ya watoto watatu watakaoongoza tamthilia yake mpya ya Harry Potter, yule mvulana wa vitabuni anayesomea uchawi, wanafunzi wangu hapa Lamu wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa namna nyingi: wale wana nini ambacho wengine hawana? Majina yenyewe wameshayahifadhi. Dominic McLaughlin ndiye Harry, Arabella Stanton ndiye Hermione, na Alastair Stout ndiye Ron. Waliteuliwa miongoni mwa watoto zaidi ya 30,000 walioitikia wito uliotolewa kwa wakazi wa Uingereza na Ireland, na sharti lilikuwa kwamba mtoto awe na umri wa miaka 9 hadi 11 ifikapo Aprili 2025.

Wengi wakiisoma habari hii hukimbilia kwenye kipaji. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha watoto uigizaji na matumizi ya sauti, hutazama kwanza lile sharti la umri, kwa sababu limebeba hesabu ambayo msomaji wa kawaida huipita bila kuiona. Mtayarishaji anayemchukua mtoto kwa kazi ya miaka mingi hachukui sura na sauti anazoziona siku ya usaili peke yake. Anachukua pia mwili ambao utabadilika mbele ya kamera, kwa kasi ambayo hakuna mkataba unaoweza kuiamuru.

Tuanze na wale wa kwanza, walioigiza filamu za Harry Potter za zamani. Upigaji picha wa filamu ya kwanza ulianza Septemba 2000, na wakati huo Daniel Radcliffe, aliyeigiza Harry, alikuwa na miaka 11, Rupert Grint, aliyeigiza Ron, 12, na Emma Watson, aliyeigiza Hermione, 10. Kazi kuu ya filamu ya mwisho ilikamilika Juni 2010. Hadithi yenyewe inamchukua Harry kutoka miaka 11 hadi 17, lakini aliyemwigiza alitoka miaka 11 hadi 20, maana filamu 8 zilitumia miaka 10 kusimulia miaka 7 ya shule. Pengo hilo la miaka mitatu liliingia kidogo kidogo: filamu ya pili ilionyeshwa 2002, ya tatu 2004, ya nne 2005, ya tano 2007, ya sita 2009, na kila mwanya baina ya moja na nyingine ulimwongezea mtoto kimo, mabega na kidevu ambavyo mhusika wake alikuwa bado hajavifikia.

Katika chumba chetu cha mazoezi tuna mwimo wa mlango ambao kila muhula naupiga alama za penseli, mstari mmoja kwa kila mtoto, na herufi ya kwanza ya jina lake pembeni. Sipimi kwa ajili ya kumbukumbu. Napima kwa sababu kanzu ya mchezo hushonwa miezi kabla ya mchezo, na fundi huniuliza aache upindo wa vidole vingapi. Mtoto wa miaka 12 anaweza kumaliza vidole vinne vya upindo kabla ya siku ya kupanda jukwaani. Nikiusoma mwimo ule huwa naelewa kwa nini watengenezaji wa filamu za aina hii hukimbizana na muda.

Lakini kimo ni jambo jepesi, kwa sababu kamera ikisogezwa, au mtu akisimamishwa juu ya kibao, kinafichika. Sauti haifichiki. Nilikuwa na mvulana wa miaka 13 ambaye ndiye aliyekuwa akitangulia kusoma kasida madrasani kwao, mwenye sauti nyembamba na safi iliyokuwa ikipanda bila kutetereka, nami nikampa nafasi ya mtoto wa nahodha katika mchezo wetu. Wiki tatu kabla ya onyesho, katikati ya sentensi aliyoisema vizuri mara hamsini, sauti ilishuka ghafla, ikapanda, kisha ikakatika. Wenzake walicheka. Yeye alinisogelea akanong'ona, "Mwalimu, sauti yangu imenikimbia." Jioni mama yake alikuja kuniuliza kama mtoto alikuwa mgonjwa, nikamwambia, "Hapana mama, mwanao anabaleghe, na hilo ni la kheri."

Kinachotokea ni hiki. Kikoromeo cha mvulana hukua, na nyuzi za sauti zilizomo ndani yake hurefuka na kuwa nene, kwa hiyo hutetemeka polepole zaidi na kutoa mlio mzito. Shida ni kwamba misuli inayoziongoza nyuzi hizo ilikwisha kuzoea urefu wa zamani. Mtoto anatia nguvu ileile, mlio unatoka mwingine. Hali hiyo huweza kudumu miezi mingi, na hakuna zoezi la kuizuia. Ninachoweza mimi ni kumfundisha aseme kwa upole, asilazimishe sauti ya juu, anywe maji na apumzike.

Sasa fikiria jambo hilo likitokea katika filamu, ambamo matukio hayapigwi picha kwa mpangilio wa hadithi. Mlango unafunguliwa Machi, na mtu anayeingia kupitia mlango huo anapigwa picha Agosti. Mvulana anaweza kuuliza swali kwa sauti ya mtoto na kulipokea jibu akiwa na sauti ya kijana, ingawa kwa mtazamaji hazijapita hata sekunde mbili. Radcliffe na Grint sauti zao zilikuwa zimeanza kubadilika walipofanya filamu ya pili, na anayeangalia filamu mbili za mwanzo mfululizo husikia tofauti hiyo mapema kuliko anavyoiona. Mafundi wana dawa yao, nayo ni kumrudisha mwigizaji studioni arekodi upya maneno yake huku akitazama midomo yake mwenyewe, lakini hata dawa hiyo haimrudishii mtoto sauti aliyokwisha kuiacha.

Mwili huo pia hushinda maandishi. Kitabuni Harry ana macho ya kijani, na jambo hilo lina uzito katika hadithi. Radcliffe, mwenye macho ya buluu, alijaribiwa lenzi za rangi zikamwasha vibaya, na watengenezaji wakaamua kuyaacha macho yake yabaki yalivyo. Uamuzi huo ninauheshimu sana. Kuna wasomaji waliokasirika, lakini mtoto anayesumbuliwa na jicho hawezi kumsikiliza mwenzake, na uigizaji wote msingi wake ni kusikiliza.

Kisha yapo masaa. Kanuni za Uingereza zinataka mtoto anayeigiza awe na leseni ya halmashauri ya eneo lake na awe na mtu mzima aliyeidhinishwa wa kumwangalia. Aliyetimiza miaka 9, kwa kanuni zilizoanza 2015, haruhusiwi kuigiza na kufanya mazoezi zaidi ya saa 5 kwa siku, wala kuwapo mahali pa kazi zaidi ya saa 9 na nusu, na siku za shule lazima apate masomo pale pale. Ndiyo maana mara nyingi mgongo unaouona si wa mtoto mwenyewe bali wa mbadala wake mwenye kimo sawa, na mwigizaji mkubwa anayeonekana akimsemesha Harry pengine anamsemesha mtu mwingine aliyesimama nje ya picha, wakati Harry yuko darasani akifanya hesabu.

Ufundi nao ulikua pamoja na wale watoto wa kwanza. Chris Columbus, aliyeongoza filamu mbili za mwanzo, alipiga picha kwa vipande vifupi vifupi kwa kuwa watoto walikuwa wageni wa kazi na hawakuweza kushikilia tukio refu. Alfonso Cuarón alipoichukua filamu ya tatu aliwataka wote watatu waandike insha kuhusu wahusika wao. Watson aliandika kurasa 16, Radcliffe ukurasa mmoja, na Grint hakuandika kitu, jambo ambalo kila mtu alilikubali kuwa ndilo hasa Ron angefanya. Zoezi hilo nimelichukua. Huwaandikisha wanafunzi wangu, na asiyependa kuandika hunisimulia kwa mdomo tukiwa tumeketi barazani, kwa sababu mtoto anayekua haraka anahitaji kumjua mhusika kwa moyo, ili mwili ukibadilika abaki na kitu cha kushika.

Watatu wapya walianza kupigwa picha Julai 2025 kwenye studio za Leavesden, kaskazini mwa London, zilezile zilizotumika kwa filamu za kwanza, na HBO imeielezea kazi hiyo kuwa ya miaka kumi mizima. Kwa hiyo hesabu ni ileile: mtoto wa miaka 11 ataimaliza akiwa na 21. Waliotangulia walitoka kwa njia tofauti. Watson aliendelea hadi Chuo Kikuu cha Brown na kuhitimu 2014, Grint aliacha shule akiwa na miaka 16, Radcliffe akaingia moja kwa moja jukwaani na kwenye filamu nyingine. Ninapowajibu wanafunzi wangu sasa, nawaambia kwamba sijui kipaji cha wale watatu kuliko wanavyokijua wao, lakini najua walichokubali kukifanya mbele ya macho ya watu, nacho ni kubaleghe.

Yule mvulana wa kasida hakuwa mtoto wa nahodha. Nilimpa nafasi hiyo mdogo wake wa miaka 10, na yeye nikamfanya msimulizi, nikamwandikia sentensi fupi zenye vituo vingi ili sauti ikiteleza apate pa kupumzikia. Usiku wa onyesho ilimteleza mara mbili. Mara zote mbili alinyamaza, akavuta pumzi, akaendelea kutoka pale alipokomea, na safari hii hakuna aliyecheka.