Lucy Slowe Hakuwa Mlinzi wa Bweni

Kila anapofariki mshauri wa wanafunzi wa chuo, wasifu unaosomwa msibani huwa ni uleule: marehemu alikuwa mama mlezi, mkali, hakuvumilia utoro wa usiku, na mabinti wa watu walikuwa salama mikononi mwake. Juzi nimeusikia tena, na kwa kuwa kazi hiyo ndiyo ninayoifanya, nimeshindwa kunyamaza. Wasifu wa namna hiyo humsifu mtu kwa funguo alizobeba, ukaiacha taaluma yake bila kutajwa.

Nikiulizwa mshauri wa chuo akumbukwe vipi, humtaja Lucy Diggs Slowe, mkuu wa wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, Marekani, tangu 1922 hadi alipofariki Oktoba 1937. Wengi humkumbuka kwa mambo mawili: mwaka 1908 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Alpha Kappa Alpha, chama cha wanafunzi wa kike Weusi vyuoni, na mwaka 1917 alitwaa ubingwa wa taifa wa tenisi wa chama cha wachezaji Weusi mjini Baltimore. Ni kweli yote, lakini hayo aliyafanya kabla ya kuanza kazi ninayoizungumzia.

Slowe alishikilia kwamba mkuu wa wanafunzi wa kike ni mtaalamu wa elimu, mwenye haki ya kuketi na wakuu wenzake inapojadiliwa mitaala, mikopo, ajira na afya ya wanafunzi, na kwamba ulinzi wa malango ni kazi ya watu wengine. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1933 alieleza kuwa wasichana wengi Weusi walifika chuoni kutoka katika malezi yaliyowazoesha kutii na kusubiri kuamuliwa, na kwamba chuo kinachoendelea kuwaamulia kila jambo hakiwaandai kwa maisha yanayowangoja. Ndiyo sababu alitaka wajitawale mabwenini na wafunguliwe macho kuhusu kazi nyingine zaidi ya ualimu. Mzazi anayenipigia simu kuniuliza kwa nini sijafunga geti saa moja jioni angefaa kulitafakari jambo hili: binti wa miaka 20 ambaye hajawahi kuachiwa uamuzi hata mmoja, siku atakayoachiwa ataamua kwa kutumia nini?

Mgogoro uliomsumbua zaidi ulikuwa wa makazi. Alipoajiriwa alikubaliana na uongozi kwamba ataishi nje ya chuo, lakini rais wa chuo aliyefuata, Mordecai Johnson, alitaka ahamie ndani ili awe karibu na wanafunzi. Slowe alikataa. Aliona kuwa wakuu wanaume hawakudaiwa hivyo, na kwamba kumhamishia bwenini kungemshusha kutoka ngazi ya mkuu hadi ya msimamizi wa vyumba. Kwa hoja ya hadhi namuunga mkono bila kusita, kwa maana nimewaona wenzangu wenye shahada za uzamili wakitumwa kuhesabu magodoro na kupokea mafundi wa mabomba, kisha wakilaumiwa kwamba wanafunzi hawaendi kwao na matatizo yao.

Hata hivyo, kuna sehemu ya mgogoro huo inayonitatiza. Mwanafunzi anayefikiria kujidhuru mara nyingi hangoji saa za ofisi, na mtu wa kwanza kuligundua huwa ni yule anayelala jengo moja naye. Slowe alitaka watu waliofunzwa wawepo mabwenini chini ya ofisi yake, na huenda jibu sahihi ni hilo, lakini ofisi nyingi za vyuo vyetu hazina watu hao, kwa hiyo mshauri anayeishi mbali hulinda hadhi ya taaluma huku usiku wa wanafunzi ukibaki mikononi mwa askari wa getini. Sijapata namna ya kuyapatanisha mambo hayo mawili, na vitabu tulivyosomeshwa huligusa suala hili kwa aya moja tu.