Kuweka Linux nyingine hakuui Steam Deck

Wengi wanaamini kwamba Steam Deck, kifaa cha michezo cha kushika mkononi kilichotoka mwaka 2022, kinakubali SteamOS pekee, yaani mfumo endeshi kinachokuja nao, na kwamba ukiweka mfumo mwingine kinakufa. Hofu hiyo inaeleweka, maana simu nyingi hufungwa hivyo.

Lakini ndani yake ni kompyuta kamili yenye prosesa ya AMD, na SteamOS yenyewe imejengwa juu ya Arch Linux, mojawapo ya matoleo ya mfumo endeshi huria wa Linux. Fedora na Bazzite, matoleo mengine ya Linux, huwaka humo pia.

Jaribu mwenyewe. Andika Fedora ya majaribio, ile inayowaka bila kusakinishwa, kwenye kadi ya microSD, zima kifaa, shikilia kitufe cha kupunguza sauti, kisha bonyeza cha kuwashia. Ukisikia mlio, achia. Itatokea orodha, chagua kadi. SteamOS inabaki palepale ilipokuwa.

Hatari ya kweli iko kwenye kusakinisha: ukichagua diski ya ndani, vilivyomo vinafutika. Soma ukubwa kabla ya kukubali. Kadi ya GB 64 haitaonyesha GB 512. Hata ukikosea, faili ya kurejesha SteamOS hupakuliwa bure. Picha na hatua za michezo ambazo hukuzinakili ndizo hazirudi.