Kompresa ya analogi haitaondoa mwangwi wa chumba chako

Nimeulizwa tena swali lile lile: "Kaka, nikinunua kompresa ya analogi, vokali zangu zitanenepa kama za studio kubwa?" Anayeuliza anarekodia chumbani kwake Sakina, Arusha, pazia moja dirishani, maiki ya kondensa imetazama ukuta mtupu, na pesa ya mashine ameshaanza kuiweka. Nimechoka kujibu kwenye simu, kwa hiyo jibu naliweka hapa.

Hazitanenepa. Kompresa, iwe ya chuma au ya kwenye kompyuta, inashusha sauti inapozidi kiwango ulichoweka, halafu wewe unapandisha yote. Ukibana mistari mikali kwa desibeli 6 kisha ukazirudisha hizo 6, kila kilichokuwa chini ya kiwango kimepanda kwa desibeli 6: mwangwi wa ukuta, feni ya kompyuta, bodaboda ya barabarani, pumzi. Mashine ya mamilioni inafanya hivyo hivyo.

Imani hii ina asili yake. Enzi za tepu, sauti ndogo ilizama kwenye mchakacho wa tepu yenyewe na sauti kubwa ikapasuka, ndiyo maana mafundi mitambo walibana wakati wa kurekodi. Kompresa ya LA-2A ilitumia taa ndogo na kipokea mwanga. 1176 ya Bill Putnam ilikuja mwaka 1967 na ataki, yaani muda inaochukua kuanza kubana, ya kuanzia maikrosekunde 20. Zote ni mashine nzuri mno. Lakini wewe unarekodi kidijitali kwa biti 24, ambayo kinadharia ina nafasi ya desibeli 144 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Acha kilele kifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha dijitali, rekodi kavu bila kubana, utabana baadaye. Ulichokibana wakati wa kurekodi hakirudi.

Sasa kinachoniudhi hasa. Mtu ananiletea faili mbili, moja imepita kwenye chuma na nyingine kwenye plagini, yaani kompresa ya kwenye kompyuta, anasema nisikilize tofauti. Nikipima, ile ya chuma imezidi kwa desibeli 2. Sikio la binadamu hupenda chenye sauti kubwa zaidi, basi. Sawazisha kwanza, mtu mwingine akubadilishie bila kukuambia ipi ni ipi, ndipo tuzungumze.

Na hata ukisawazisha, ulinganishe mipangilio, maana wengi wanalinganisha majina. Chukua mchanaji wa Arusha kwenye mdundo wa 90 kwa dakika, silabi nne kila pigo. Kila silabi ina kama milisekunde 167. Ukiweka rilizi, yaani muda wa kuachia, ya milisekunde 300, kompresa haijaachia vizuri, silabi nyingine imeshaingia. Inabaki imeshikilia mpaka anaponyamaza, halafu pumzi yake inaruka juu kuliko maneno. Kiswahili kinafunga karibu kila silabi kwa irabu, kwa hiyo mapengo ya kuachia ni machache. Anzia milisekunde 60 hadi 100, kisha usikilize. Ataki nayo: ukiiweka ya milisekunde 1, zile p, t na k za mwanzo wa maneno zinaliwa na vesi inalegea. Iachie 10 hadi 20, konsonanti zipite kwanza. Plagini ya ReaComp iliyomo ndani ya programu ya kurekodia ya Reaper inatosha kabisa kufanya haya, na kazi hii ndiyo inayobadilisha vokali, kuliko jina lililoandikwa usoni mwa mashine.

Dijitali nayo ina ubaya wake. Plagini ikibana kwa kasi sana huzaa masafa yanayozidi nusu ya kiwango cha sampuli, nayo yanarudi chini kama uchafu mkali. Kama ina ovasampling, yaani kufanya kazi kwa kiwango cha juu zaidi cha sampuli, iwashe. Chuma hakina tatizo hilo, ila utakipitisha kwenye kadi ya sauti kutoka na kurudi, kitahudumia traki moja kwa wakati wakati kwaya yako ina nane, na mashine ya Marekani ya volti 120 haichomekwi hivi hivi kwenye 230 zetu. Mlio wa umeme wa hezi 50 ukiingia, utautafuta usiku kucha.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Mwimbaji akijisikia amebanwa kwenye hedifoni wakati anarekodi, bila kuchelewa, anaimba tofauti: anasogea maiki, anaacha kupiga kelele. Nimeliona mara nyingi kupitia kompresa ya mwanga, ya aina ya LA-2A. Sijaweza kuamua kama ni mashine yenyewe au ni ile raha ya kujisikia vizuri. Plagini kwenye bafa ndogo ya sampuli 64, ambayo huchelewesha sauti kidogo tu, inanipa karibu hali ile ile, lakini kusema "ile ile" kabisa nasita.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende sokoni Kilombero, kwenye mablanketi mazito ya mtumba. Yaning'inize nyuma na pembeni ya mwimbaji, mbali kidogo na ukuta, na maiki isitazame pembe ya chumba. Chuma nitamshauri mwenye chumba kilichotulia, anayerekodi sauti na gitaa za watu kila siku, na aliye tayari kuamua sauti palepale bila kurudi nyuma.