Maji Ndiyo Humpalia Mtu

Wiki hii tena. Mzee ana siku ya tatu tangu apate kiharusi, nafika wodini binti yake ameshampa funda moja. "Dokta, ni maji tu jamani. Uji ndio utamkaba." Mzee hakukohoa hata kidogo. Ila alipomwitikia binti yake, sauti ilitoka ya majimaji, kama ya mtu anayesukutua. Yale maji yalikuwa yamekaa kwenye zoloto, pale sauti inapotokea.

Kiswahili chenyewe kinajua: tonge hukaba, maji humpalia mtu. Maji hukimbia, na koromeo lililochelewa haliwahi kuifunga njia ya hewa.

Tunapopima nguvu ya kumeza, katheta, yaani mpira mwembamba wenye sensa 36 za kuhisi shinikizo, moja kila sentimita, inapitishwa puani hadi kwenye umio. Unameza mililita 5 za maji, halafu 5 za kitu kizito, tunasoma shinikizo kwa milimita za zebaki. Ulimi unasukuma, koromeo linabana, kilango cha juu cha umio, msuli unaofunga mlango wake, kinalegea kwa kama nusu sekunde, kinafunga.

Kinachonichosha, hata kwa wenzangu, ni hili: "Kizito kinataka nguvu zaidi, angalia kilele cha grafu." Kilele hakikuoneshi kinywaji kikisukumwa! Kinapanda funda likiwa limeshapita, kuta za koromeo zikikutana na kuibana katheta. Ndiyo maana kilele cha maji na cha uji huweza kukaribiana sana. Tazama lile shinikizo dogo linalotangulia, la ndani ya funda lenyewe. Hilo ndilo huelekea kupanda kinywaji kikiwa kizito, na hupanda zaidi kilango kikikataa kufunguka. Kisha tazama muda: kilango kililegea funda likiwa wapi? Mgonjwa anaweza kuwa na kilele kizuri kabisa na bado akapaliwa, kwa kuwa nguvu anazo ila zinachelewa.

Kinywaji kizito hakikimbii kama maji, ila uzito nao si dawa ya kila kitu. Kizito mno huacha mabaki koromeoni, na mgonjwa akichoka nacho hunywa kidogo, mwili unakauka. Kwa hiyo pima. Jaza bomba la sindano la mililita 10, liachie sekunde 10: zikibaki 4 hadi 8, ni daraja la 2 katika IDDSI, kipimo cha kimataifa cha uzito wa vinywaji. Hakikisha mistari ya bomba, kutoka 0 hadi 10, ina urefu wa milimita 61.5, maana mabomba hayalingani. Uji upime ukiwa na joto lile lile atakalonywea, kwani ukipoa unaganda. Na kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi kikombeni: mate humeng'enya wanga, uji unageuka maji.

Katheta yenyewe inanipa mashaka. Mtu mwenye mpira puani hamezi kama anavyomeza nyumbani, na koromeo si bomba la duara, hivyo sensa iliyotazama mbele na iliyotazama ubavuni hazisemi kitu kimoja. Mimi huamini zaidi kulinganisha maji na uji wa mtu yule yule kuliko kumlinganisha na wastani wa watu wengine.

Mzee tulimkalisha wima, tukampa uji wa daraja la 2, kijiko kimoja. Nikamwomba aseme "aaa". Binti akainama kusikiliza, kisha akasema, "Safari hii haina maji."