Kompyuta mpakato kukaa kwenye chaja kutwa hakulipui betri

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ukidai kwamba kompyuta mpakato ikitumiwa kama ya mezani, ikabaki kwenye chaja kutwa, betri hujaa kupita kiasi na kulipuka. Si kweli. Betri ya lithiamu ina sakiti inayokata chaji ikishajaa. Kinachoichosha hasa ni joto, pamoja na kukaa muda mrefu kwenye asilimia 100. Ndiyo maana kompyuta nyingi zina mpangilio wa kuishia asilimia 80. Uwashe. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hukuonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa.

Hofu hii ina asili: betri za zamani za nikeli kweli ziliharibika kwa kuchajiwa mno. Betri iliyovimba ni hatari, acha kuitumia mara moja. Ila ujumbe huo, tafadhali, usiusambaze.