Sally alimbusu mdomoni, na Richard alileta waridi

Jumamosi iliyopita nimeulizwa tena. Tulikuwa barazani kwangu, Mji wa Kale, watu kumi na mmoja, kahawa na kashata katikati yetu. Kijana mmoja akalifunga daftari lake kwa kishindo, akasema: "Mwalimu, tuamulie basi. Huyu Clarissa ni msagaji aliyejificha kwenye ndoa, au ni mke wa mtu aliyekuwa na shoga yake wa usichanani? Haiwezi kuwa yote mawili."

Inaweza. Mhusika anaweza kupenda wanaume na wanawake, na kumlazimisha awe wa upande mmoja ni kumfuta. Nimelisema hili darasani, nimelisema kwenye simu usiku wa manane, nimelisema kwa mhariri, na leo naliandika ili atakayeniuliza tena nimwelekeze hapa.

Kazi yangu ni kufundisha riwaya na kuzifasiri kwa Kiswahili. Mezani sasa ninayo Mrs Dalloway ya Virginia Woolf, iliyotoka 1925: siku moja ya Juni mjini London, mwanamke aliyeingia mwaka wake wa 52, Clarissa Dalloway, mke wa Richard, karamu jioni, na kumbukumbu zinazomrudisha Bourton, nyumba ya usichana wake. Ninayoyasema hapa yanahusu wahusika, maana mhusika hana maisha nje ya kurasa zake. Hana siri aliyomficha mwandishi. Anacho kile kilichoandikwa na kile kilichodokezwa, basi, na msomaji anayetupa nusu ya hicho hajatafsiri kitu, amepunguza.

Hebu niwaeleze kilichotokea siku niliposoma rasimu yangu kwa sauti. Nilifika bustanini Bourton, usiku, Clarissa na Sally wanatembea, wanapita chungu cha mawe chenye maua. Kwa Kiswahili changu: "Sally akasimama, akachuma ua, akambusu mdomoni." Mama mmoja wa makamo, msikilizaji mzuri kuliko wengi wenye shahada, akashusha pumzi. "Hapo ndipo moyo ulipobaki," akasema. Wenzake wakaitikia. Hakuna aliyedai ushahidi, hakuna aliyeuliza kama Clarissa baadaye aliolewa na mwingine. Ilikuwa wazi kwao kwamba mtu anaweza kubaki na busu la ujanani na bado akampenda mumewe.

Kumbe walidhani Sally ni mwanamume, kama Saleh. Kiswahili hakikuwaonya. Kwetu nafsi ya tatu haina jinsia: a- ni a-, -m- ni -m-, na jina la kigeni halikuwaambia kitu.

Nikasema Sally ni msichana. Busu lilelile, kwa kiambishi kilekile, likageuka hapohapo. Upande mmoja wa baraza: "Aa, kumbe ni mchezo wa wasichana." Upande wa pili, yule kijana wa daftari: "Basi Richard hakupendwa hata siku moja." Nilikaa na karatasi mkononi nikiwatazama. Dakika moja nyuma wote walikuwa wameusoma ukurasa huo sawasawa.

Huko ndiko kufutwa ninakokuzungumzia. Mhusika anayependa jinsia zote mbili hafutwi na upande mmoja. Hufutwa na pande mbili zinazobishana, kila moja ikimvutia kwake, na zote zimekubaliana kimyakimya kwamba yeye kama alivyo hayupo. Mwanasheria Kenji Yoshino aliliandikia jambo hili makala ndefu katika jarida la sheria la Stanford mwaka 2000, na aliuita ukimya huo mapatano: wapenda jinsia tofauti na wapenda jinsia moja, kila kundi lina lake la kulinda, na wote wananufaika mtu wa katikati asipoonekana. Mimi si mwanasheria, lakini nikikaa barazani nayaona mapatano hayo yakitiwa sahihi kila wiki.

Tatizo la jina nalo lipo, nisilipite. Wengine husema "mwenye jinsia mbili", na hilo ni kosa, kwani huyo ni huntha, jambo la mwili, si la moyo. Vijana husema "bai". Mimi nasema anayependa jinsia zote mbili, ni refu lakini halimdanganyi mtu. Na anayesema Mswahili hawezi kubeba maana mbili kwa pamoja, asikilize mtaani. Mama akimwita mwenzake "shoga yangu" anamaanisha rafiki wa ndani, wa siri na wa harusi. Neno hilohilo akirushiwa mwanamume ni tusi. Tunaishi nalo mchana kutwa na hatupotei.

Kundi la kwanza, la "urafiki tu", sitalitumia muda. Woolf ameandika kwamba lile busu lilikuwa wakati mzuri kuliko wote katika maisha ya Clarissa. Ameandika kwamba Clarissa alisimama chumbani juu, mkononi chombo cha maji ya moto, akisema kwa sauti kuwa Sally yuko chini ya paa lilelile. Ameandika, bila kupinda, kwamba wakati mwingine mbele ya wanawake Clarissa alihisi wanachohisi wanaume. Mwandishi afanye nini zaidi?

Kundi la pili ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu ni watu wangu. Wengi wao ni wapenda jinsia moja, wamesoma vitabu maisha yao yote wakitafuta mtu mmoja anayefanana nao, na wakimpata hawataki kumgawa. Naielewa hamu hiyo. Katika Kenya yetu, ambako kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatishia mapenzi ya namna hii kwa kifungo cha miaka hadi 14, na Mahakama Kuu ikakiacha kisimame tarehe 24 Mei 2019, mtu anayejipata ndani ya riwaya amepata mahali pa kupumua. Lakini kupumua kwako hakukupi ruhusa ya kuchana kurasa.

Ushahidi wao wanaupenda sana: kitanda chembamba cha Clarissa, chumba cha juu anacholala peke yake, na pale anapokumbuka kwamba alimpungukia Richard kitandani. Yote yamo. Ila yamo pia haya. Richard anatoka kwenye chakula cha mchana akiwa amekumbatia maua ya waridi, mekundu na meupe, amekata shauri kumwambia mkewe kwamba anampenda. Anafika, anampa maua, ulimi unakwama. Halisemi. Na Clarissa anaelewa bila kuambiwa. Niliifasiri sehemu hiyo kwa siku nne, kwa sababu kitenzi kimoja kizembe kingemfanya Richard aonekane bwege au Clarissa aonekane baridi, na hakuna hata mmoja kati yao aliye hivyo. Yupo pia Peter Walsh, aliyewahi kutaka kumwoa Clarissa, na kisu chake cha mfukoni, anayefunguafungua ubapa kila moyo unapomwenda mbio. Asubuhi ya siku hiyohiyo Peter anaangua kilio mbele ya Clarissa, Clarissa anambusu, na wazo linampitia kwamba kama angeolewa naye, furaha ile ingekuwa yake kutwa nzima. Anayesoma kitanda na kuruka waridi na machozi, amesoma kitabu gani?

Sasa nikiri kitu. Kuhusu mwili, ushahidi wa Clarissa kwa wanaume ni mwembamba kuliko ushahidi wake kwa Sally. Upendo upo, huruma ipo, joto la damu sina hakika. Nimewahi kubadili mawazo mara mbili katika mwezi mmoja. Kama mtu atakuja na hoja kwamba moyo wa Clarissa ulikwenda pande mbili na mwili wake upande mmoja, nitampa kiti na kahawa. Huyo amesoma. Ninayemkataa ni yule anayesema "Richard hakupendwa".

Halafu kuna hoja ya foleni, na hii ndiyo inayonikera kuliko zote: kwamba wa mwisho ndiye wa kweli, waliotangulia walikuwa mazoezi. Mfano wanaouleta kila mara ni Charles Ryder wa Brideshead Revisited, riwaya ya Evelyn Waugh ya 1945. Charles anampenda Sebastian chuoni, miaka inapita, anampenda Julia, dada yake Sebastian. Akiwa na Julia anasema Sebastian alikuwa mtangulizi. Basi! Wanalikamata neno hilo kama hati ya shamba: mnaona, Sebastian alikuwa njia tu ya kumfikisha kwa mwanamke. Wageuze ukurasa. Julia analikumbuka neno hilo baadaye na kumjibu kwamba labda na yeye ni mtangulizi tu. Mwandishi ameipindua hoja ndani ya kitabu chenyewe, kwa mdomo wa yule aliyedhaniwa kuwa mshindi. Nimekaa na watu wanaoweza kunisomea sentensi ya kwanza kwa ghibu, na jibu la Julia hawajawahi kuliona.

Foleni hiyohiyo hugeuzwa pia kwa mkono wa pili: akiishia na mwanamume mwenzake, wanawake wote wa nyuma walikuwa pazia. Sisi hatufanyi hivi kwa mjane aliyeolewa tena. Hatumwambii marehemu alikuwa mazoezi.

Na tuliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya 1969 kutoka kwa Shakespeare, tulimwona Bassanio akimtaka Portia kwa dhati, kisha mbele ya mahakama akisema yuko tayari kutoa uhai wake, mke wake na dunia nzima ili rafiki yake Antonio aokoke. Ni tamthilia, najua. Darasani kwetu hakuna aliyenyoosha mkono.

Kuna kufutwa kwa aina ya tatu, na kuna ukali wake: kuuita upendo huo tamaa. Shug Avery wa The Color Purple, riwaya ya Alice Walker ya 1982, hahitaji mtafsiri wala kidokezo. Alimpenda Albert tangu ujanani na kuzaa naye. Anampenda Celie, mke wa Albert huyohuyo, na ndiye anayemfundisha Celie kwamba mwili wake si kitu cha kuvumilia. Anaolewa na Grady. Kisha, mtu mzima tayari, anamwendea Celie na kumwambia kwamba amempenda kijana wa miaka 19, Germaine. Celie anaumia hadi anashindwa kusema, anamjibu kwa kuandika kwenye karatasi. Uchungu huo ni wa kweli, nami kila nikifundisha sehemu hiyo lazima nisimame kidogo.

Ndipo mtu anaposema: "Si unaona? Watu hawa hawatosheki." Hapana. Unachokiona ni mtu aliyemwacha mpenzi wake kwa muda, jambo linalofanywa na Albert, na nusu ya wanaume wa riwaya za dunia hii, na hakuna anayewaambia kwamba kosa ni kupenda wanawake. Uaminifu ni jambo moja, unayempenda ni jambo jingine. Shug alimkosea Celie. Hakumkosea kwa sababu Germaine ni mwanamume. Na sinema ya Steven Spielberg ya 1985, iliyopunguza mapenzi ya Celie na Shug hadi kwenye busu na mkono begani, imetuachia kizazi cha watu wanaobishana nami kuhusu kitabu ambacho hawajakifungua.

The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald, haraka: mwisho wa sura ya pili, msimulizi Nick Carraway anasimama kando ya kitanda cha Bwana McKee, naye McKee amekaa kati ya mashuka akiwa na nguo za ndani tu, na nukta tatutatu za maneno yaliyorukwa zimejaa ukurasani. Jordan Baker, mwanamke anayependana na Nick, naye yupo kitabuni. Nukta zile si ushahidi wa kutosha kwa lolote, ila si haki kuzisoma kama hazipo.

Wasiwasi wangu mkubwa ni kuhusu Clive Durham. Katika Maurice, ambayo E. M. Forster aliiandika 1913 na 1914 na ikachapishwa 1971 akiwa ameshafariki, Clive anampenda Maurice, anaugua, anakwenda Ugiriki, na kutoka huko anaandika kwamba amegeuka na sasa anapenda wanawake. Anamwoa Anne. Je, huyu ni mtu wa pande mbili anayefutwa na wasomaji wanaomwita mwoga? Au ni mwoga kweli, na mimi kwa hamu yangu namtafutia utetezi? Nimemfundisha mara tano. Mara tatu nimesema hofu, mara mbili nimesema moyo, na kila mara nimetoka darasani nikihisi nimemdhulumu. Ndoa za kujificha zilikuwepo na zipo. Tunazijua majumbani mwetu. Sitaki hoja yangu iwe pazia jipya la kuzifunika.

Na kuna wanaonikumbusha kwamba majina haya yote ni mapya, kwamba hata neno la Kizungu la wapenda jinsia moja lilichapishwa kwanza 1869, kwa Kijerumani, na Moby-Dick, riwaya ya Herman Melville, ni ya 1851. Kweli. Humo Ishmael, msimulizi, anaamka kitandani mkono wa Queequeg, mwanamume mwenzake, umemkumbatia kana kwamba yeye ni mke, na hana jina la kulipa jambo hilo. Simpi jina. Ninachoomba ni kwamba kama jina haliruhusiwi, lisiruhusiwe kwa wote, maana wanaokataa "anapenda wote wawili" kwa sababu ya tarehe hawasiti kuandika "mpenda wanawake" juu ya mhusika wa mwaka uleule.

Sasa mhariri. Aliyezipitia sura zangu za kwanza aliandika pembeni kwa wino mwekundu, kando ya busu la Bourton: "shavuni?" Alieleza kwa upole kwamba maana itabaki ileile na wasomaji hawatashtuka. Nilimjibu kwa kumtumia ukurasa wa karamu. Miaka imepita, Sally sasa ni Lady Rosseter, ana wana watano, ameingia bila kualikwa. Wanakutana mlangoni mwa sebule na kubusiana, shavu hili kisha lile, na Clarissa anaona mng'ao wa Sally umezimika. Woolf aliyaweka mashavu pale, jioni ile, kwa wanawake wawili waliokwisha kuwa watu wazima, na midomo akaiweka bustanini.

Nimeifuta alama nyekundu, nimeandika "mdomoni" tena, na jana nimemrudishia. Jumamosi hii tunasoma karamu. Yule mama ameshaniuliza kama Sally atakuja.